Makaroni ya Wakubwa

Leo napika ya wakubwa.
Nilipomwambia Marlys kwenye simu alicheka:
"Wewe, Baba?" Mimi, nikamjibu,
kwa mikono hii hii iliyokata karatasi
miaka ishirini na tisa, zamu ya pili,
kiwanda cha mtoni, hapa Wausau.

Nje theluji imemeza ngazi mbili za baraza.
Redio inatangaza digrii kumi na nane chini ya sifuri
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya viazi.

Siagi kwanza. Iyeyuke, isiungue.
Kisha unga, vijiko vitatu vya kujaa,
ukoroge mpaka unukie kama njugu,
halafu maziwa, kidogo, tena kidogo,
kama unavyomjibu mtu mwenye hasira.
Ukimimina yote kwa pupa, madonge.
Nazijua habari za madonge.

Kungumanga, nusu ya mbegu.
Haradali, ncha ya kisu.
Na cheda iliyokaa gizani miaka saba;
mzee Zwicky aliipima akinitazama juu ya miwani:
"Hii si ya watoto, Duane."
Mdogo wao, nikamwambia, ana thelathini na moja.
Akaongeza kipande, akakataa senti zake.

Nakuna. Jibini kavu haina huruma na vidole.
Nakuna na kuhesabu:
mama yao alipoondoka na masanduku mawili
na taa ya kusomea,
Garrett alikuwa na tisa, Marlys saba,
Tess bado anasema "makaloni".

Ndipo ilipoanza enzi ya boksi.
Boksi la bluu, senti thelathini na tatu,
makaroni membamba kama kucha za mtoto,
na pakiti ya unga wa rangi ya chungwa
ambayo hakuna ng'ombe aliyewahi kuiota.
Saa nane mchana, kabla ya zamu,
nachemsha sufuria nzima, nafunika kwa taulo,
naacha kibarua juu ya jiko:
Garrett, moto mdogo. Ongeza maziwa.
Msaidie Tess kufunga viatu.

Nikirudi saa sita usiku, sufuria imelowekwa,
na mezani sahani moja imefunikwa kwa nyingine,
chakula kimeganda kama saruji,
na juu yake uso wa ketchapu, jicho moja;
la pili waliishiwa.
Nilikila kikiwa baridi, nimesimama, koti mwilini.
Sijala kitamu kuliko kile,
wala kilichonitia aibu zaidi.

Basi leo, ya wakubwa.
Vitunguu vimekaangwa polepole mpaka vikawa rangi ya fidla,
chenga za mkate zimekunywa siagi,
oveni inanguruma.
Lakini kabla sijasukuma bakuli ndani
mkono wangu (sikuutuma)
ulifungua kabati la juu, nyuma ya chumvi,
ukatoa pakiti, ukaichana kwa meno,
ukanyunyiza.
Boksi nikalizika chini ya maganda ya vitunguu.

Saa kumi na mbili wakaingia wakikung'uta theluji:
Garrett na mkewe Noreen,
Marlys na mvinyo wenye jina refu,
Tess peke yake, nywele amezikata.

Wakala. Kimya kikapita,
kile kimya ambacho mpishi hukihesabu.
Noreen akauliza, jibini gani?
Cheda, nikasema. Miaka saba.
Marlys akahisi moshi kidogo, au labda tunda?
Wakanisifu sana.
Nikamkumbuka mgema na tembo lake,
nikawajazia maji glasi zao
na kunyamaza.

Tess akawa anakwangua pembe ya bakuli,
pale ukoko uliposhika.
Akaonja. Akaacha kutafuna.
Akanitazama, akafumba jicho moja.

"Makaloni," akasema,
na kuisogeza sahani yake, iongezwe.